Zamu Yangu ya Kusoma

Jumapili ile somo la kwanza lilikuwa langu.
Nilivaa miwani, nikalamba kidole, nikafunua
pale nabii, mateka kando ya mto Kebari,
anapoukemea mji wa Tiro,
mji ulioketi langoni pa bahari
ukajitazama majini, ukajipenda.

Benchi la mbele, upande wa feni,
alikaa Lutonja, mwenye kiwanda.
Bati lililotufunika lilikuwa lake,
kinanda chake, hata divai, walisema.
Nikasoma kwa sauti ya chini kidogo.
Si kwa woga.
Haya, kwa woga:
nilikuwa karani wake wa mizani.

Mnaikumbuka Igogo ya miaka ile?
Malori ya barafu usiku kucha,
sangara wa kilo themanini wamelazwa kama wagonjwa wa kulipia,
minofu inapanda ndege sisi hatujanywa chai,
mabondo yanahesabiwa moja moja
kama shanga za bibi harusi.
Sisi wa gambuti nyeupe
tulipita katikati ya wanawake wa mapanki
tumeziba pua,
wao wakigombea vichwa na miiba
tuliyowauzia kwa ndoo.

Lutonja akajenga juu ya jabali,
ghorofa juu ya mawe ambayo hata Mungu
aliyapanga kwa tahadhari.
Akaita watu. Akasimama barazani na glasi yake:
"Hili ziwa mnaloliona ni beseni langu.
Nikinawa hapa, Bukoba wanalowa."
Tukacheka.
Mimi nilicheka kuliko wote;
Desemba ilikuwa karibu, na bahasha.

Basi nikafika kwenye mstari ule:
mji utakwanguliwa hata mavumbi yake,
ubaki mwamba mtupu,
mahali pa kuanikia nyavu.
Ulimi ukakwama. Nikanyanyua macho.
Lutonja alikuwa akitazama feni
kama mtu aliyesikia anwani yake ikisomwa
akaamua ni ya jirani.
Nikamaliza. Tukaimba. Akatoa sadaka nene.

Ziwa halikusema kitu. Ziwa halina haraka.
Lilianza kumpa samaki wa kilo ishirini,
kisha wa kilo tano,
kisha wa kutosha kiganja,
naye akaendelea kununua,
na mimi nikaendelea kuandika "daraja la kwanza"
kwa kalamu ileile, mwandiko uleule mzuri
niliosifiwa tangu shule.

Benki haikuja na tarumbeta.
Walikuja vijana wawili wa mashati ya mikono mifupi
na kopo la rangi nyekundu,
wakaandika tarehe getini,
wakaomba maji ya kunywa.

Siku hizi Lutonja hukaa nyuma, karibu na mlango.
Bati bado ni lake. Mvua ikinyesha
tunamkumbuka kwa namna mbili:
panapovuja na pasipovuja.

Juzi nilipita kiwandani.
Paa limeng'olewa, mashine zimeuzwa kwa kilo,
imebaki sakafu, pana, kavu, inapigwa na jua.
Minza, yule wa mapanki, ameikodi.
Ametandaza nyavu za kijani ukuta hadi ukuta
na juu yake dagaa,
dagaa wa jana usiku, weupe wa fedha,
sauti yao wakikauka ni kama mtu anayekunja karatasi mbali.
Binti zake wanageuza kwa fagio, wanapiga soga.

Nilisimama pale nikiwa na neno zito kifuani.
Nilitaka kumwambia: Minza, hii ni adhabu,
iliandikwa zamani, niliisoma mimi mwenyewe,
mwamba mtupu, nyavu, kila kitu,
na mimi nilikuwa upande wa mji.

Akainua uso, mkono kwenye nyusi.
Hakutazama kifua changu. Alitazama viatu.

"Sogea kidogo, mama karani.
Unakanyaga mali ya watu."